Utafiti Uliokwama Iringa

Kalenga, kilomita chache kutoka mjini Iringa, ilikuwa makao makuu ya Mtwa Mkwawa mpaka Wajerumani walipoyabomoa kwa mizinga Oktoba 1894. Hapo pia ndipo fuvu lake liliporudishwa Juni 1954. Isimila yenye zana za mawe za kale haiko mbali, na kule Mlambalasi, alikozikwa Mkwawa, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Alberta cha Kanada wamechimba pamoja na wenzao wa Tanzania.

Hayo tunayataja kwa sababu ya yaliyotokea mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa Korona nchini alitangazwa Machi 16; siku mbili baadaye vyuo vikuu vikaamriwa kufungwa, vikafunguliwa Juni 1. Nchi yetu haikuwafungia watu majumbani. Mkulima wa Kalenga aliendelea na nyanya zake kando ya Ruaha Mdogo. Mtafiti ndiye aliyekwama.

Mwanafunzi aliyerudi kwao aliacha madodoso yake katikati. Mzee mwenye masimulizi ya babu zake ndiye hasa ambaye haikufaa kumkaribia. Ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa Aprili hadi Mei 18, na hata baada ya hapo nchi nyingi ziliendelea kuwazuia watu wake kusafiri. Tena kazi ya kuchimba ina msimu wake, nao ni kiangazi. Mvua zikianza, shimo hufunikwa mpaka mwaka mwingine.

Katika mambo haya husemwa habari za maprofesa tu. Sisi tunamfikiria pia kibarua mwenye koleo na chekeche, dereva, na mama anayewapikia kambini. Hao hulipwa kwa siku, na siku isipokuwapo hakuna ujira.

Hatuwalaumu wageni, wametufaa. Lakini Azimio la Arusha lilikwisha kutuonya mwaka 1967 juu ya kuweka maendeleo yetu katika fedha za wengine, na sioni, yaani hatuoni, kwa nini elimu iachwe nje ya onyo hilo. Mhadhiri wa Chuo cha Mkwawa au wa Chuo Kikuu cha Iringa hahitaji ndege kufika Kalenga. Anahitaji nauli ya basi, kinasa sauti, na fungu katika bajeti ya chuo chake lisilotegemea barua kutoka Ulaya. Fungu hilo litengwe sasa, na vijana wa vijijini wafundishwe kurekodi masimulizi ya wazee wao, ili njia zikifungwa tena awepo wa kuendelea na kazi palepale.