Kombora Lifuatalo Joto: Kinga ya Abiria Iko Ardhini

Jioni ya tarehe 6 Aprili 1994, ndege ya Falcon 50 iliruka kutoka Dar es Salaam ikiwa na Marais Juvénal Habyarimana wa Rwanda na Cyprien Ntaryamira wa Burundi, waliohudhuria hapa mkutano wa viongozi wa kanda. Ilipokaribia kutua Kigali ilitunguliwa, na watu wote 12 waliokuwamo wakafariki. Mwaka 2012, wataalamu walioteuliwa na majaji wa Ufaransa walieleza kwamba yaelekea silaha iliyotumika ni SA-16, kombora linalofuata joto.

Ndugu msomaji, kombora hili hurushwa kutoka begani, na kichwani lina jicho linalotafuta joto la injini.

Ndege ya kivita ina hila mbili za kulikwepa. Ya kwanza, rubani hupunguza nguvu za injini na kukata kona kali. Kombora lina kasi kuliko ndege, hivyo huweza kushindwa kupinda kwa wepesi ule likapita kando, na mafuta yake huisha baada ya sekunde chache. Ya pili ni chambo: ndege humwaga vipande vya magnesi vinavyowaka kwa joto kali, ili jicho lifuate moto huo na kuiacha injini. Kwa kuwa makombora mapya hutambua chambo, hila zote mbili hufanywa kwa pamoja.

Ndege ya abiria haiwezi kukata kona hizo, na nyingi hazina chambo. Inaporuka au kutua huwa chini, nzito na yenye mwendo mdogo. Tarehe 28 Novemba 2002, makombora mawili ya Strela yalirushwa kutoka nje ya uwanja wa ndege wa Mombasa kuelekea Boeing 757 ya shirika la Arkia, iliyobeba abiria 261. Yote mawili yalikosa. Asubuhi hiyohiyo, bomu katika hoteli ya Kikambala liliua watu 13, wengi wao Wakenya.

Baadaye Israel ilizifunga baadhi ya ndege zake za abiria mitambo ya kujikinga, lakini gharama yake ni kubwa. Hata hivyo, silaha hii hufika kilomita chache tu, hivyo mrushaji hulazimika kusimama jirani na uwanja. Kwa sisi wa Dar es Salaam, majirani hao ni wakazi wa Kipawa, Kiwalani na Yombo, ambao ndege hupita juu ya mapaa yao kila siku. Macho yao ni kinga ambayo rubani hana.