Jicho la Televisheni Limepofuka, Sauti Yake Ingali Hai

Mvua ya Tukuyu haina mzaha. Mji huu, ulio zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka. Na mvua hiyo inapolipiga bati, hakuna mwenyekiti, mwalimu wala imamu awezaye kushindana nayo kwa koo alilojaliwa na Mwenyezi Mungu. Wageni huistaajabia migomba na mashamba ya chai yaliyostawi kwa baraka ya mvua hiyo. Sisi wenyeji tunaijua pia hasara yake moja ndogo: huwanyima watu masikio.

Katika mkutano mkuu wa kijiji kimoja cha wilaya hii ya Rungwe, uliofanyika ndani ya darasa kwa sababu nje hapakukalika, taarifa ya mapato na matumizi ilisomwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Waliokaa madawati ya mbele waliisikia. Waliobaki walitazamana. Mzee mmoja aliyesimama karibu na mlango alipaza sauti akasema, "Ndugu mwenyekiti, huku nyuma tunaona mdomo tu!" Watu walicheka, lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Taarifa ile ilikuwa ya fedha za wananchi, na nusu ya wananchi waliipitisha bila kuisikia.

Mkutano uliofuata, kijana mmoja fundi redio alikuja na sanduku la mbao, betri ya sola na kipaza sauti cha mkononi. Ndani ya sanduku mlikuwa na spika mbili na amplifaya moja, vyote vimetolewa katika televisheni ya chogo iliyokwisha kufa. Mvua ilinyesha kama kawaida yake. Safari hii taarifa ilisikika hadi mlangoni, na yule mzee akauliza swali juu ya fedha za ushuru wa ndizi, swali ambalo lilijibiwa kwa shida kidogo. Baada ya mkutano alimshika kijana mkono akamwambia, "Ndaga fijo, mwanangu." Kijana akamjibu kwa adabu na kubeba sanduku lake.

Tumeanza na kisa hiki kwa sababu kinabeba hoja yetu yote. Vitu vinavyotupwa majalalani na kurundikwa stoo vinaweza kuwarudishia wananchi masikio yao. Lakini kama tutakavyoeleza, vitu hivyo hivyo vinaweza kumwua kijana mwenye nia njema na kuitia sumu mito yetu. Yatupasa tuzijue pande zote mbili.

Tukumbuke kwanza chogo hizi zilivyotufikia. Zanzibar ilianza kurusha matangazo ya televisheni mwaka 1973, nayo yalikuwa ya rangi. Tanzania Bara iliamua kusubiri, kwani Serikali ya wakati ule iliona kwamba redio ndiyo chombo cha mnyonge. Uamuzi huo haukuwa wa bure. Mwaka ule ule wa 1973, kampeni ya "Mtu ni Afya" iliwakusanya watu wazima wapatao milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio pamoja, kujadiliana, kisha kwenda kuchimba vyoo na kusafisha visima. Redio moja ilitosha kikundi kizima.

Televisheni ilikuja Bara mwaka 1994, kupitia vituo vya watu binafsi, na televisheni ya taifa ikafuata miaka michache baadaye. Kwa hiyo chogo nyingi zilizomo majumbani mwetu ziliingia kati ya miaka ya tisini na mwanzoni mwa karne hii. Kisha mambo mawili yakatokea kwa karibu. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ilianza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia na Mbeya ikifuata mwaka 2013, na kila nyumba ikahitaji king'amuzi. Na televisheni bapa zikashuka bei. Chogo zilizopigwa na radi au kuchoshwa na umeme unaopanda na kushuka hazikupelekwa tena kwa fundi. Ziliwekwa stoo, na stoo zilipojaa, zikatolewa nje.

Sasa, televisheni inapokufa, inakufa nini? Mafundi wanatuambia kwamba mara nyingi kinachokufa ni sehemu ya kuingizia umeme, au ile transfoma inayozalisha umeme mkali wa kuwasha kioo, au kioo chenyewe. Sehemu ya sauti ni nyingine kabisa. Ni kidude kimoja cheusi chenye miguu kadhaa, kilichofungwa kwenye kipande cha bati cha kupozea joto, na kapasita chache pembeni yake. Kazi yake ni ndogo na haichoki haraka. Na spika ni kitu rahisi zaidi: sumaku, koili ya waya na koni ya karatasi. Isipoliwa na panya wala kuloweshwa na maji, spika ya mwaka 1998 bado itasema leo.

Kuipima si kazi kubwa. Betri moja ya tochi ya volti 1.5 ikiguswa kwa nukta moja kwenye ncha mbili za spika iliyokwisha kutolewa, spika nzima hutoa mlio mfupi na koni yake husogea. Ikikaa kimya, koili imekatika. Nyuma ya sumaku huandikwa wati na omu zake; nyingi za chogo ni omu 8 au 16, na wati kati ya 3 na 10. Namba hizo ziheshimiwe. Spika mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba huwa omu 4, na amplifaya iliyoundwa kwa omu 8 hulazimika kutoa mkondo mkubwa kuliko uwezo wake, ikachemka na kufa. Zikiunganishwa kwa kufuatana huwa omu 16. Sauti hupungua kidogo, lakini amplifaya husalimika.

Fundi mzoefu hukata kile kipande cha ubao chenye amplifaya, pamoja na bati lake la kupozea joto na kapasita zake, badala ya kung'oa kidude kimoja kimoja. Kisha husoma namba iliyoandikwa mgongoni mwake na kutafuta maelezo ya kiwanda, ambayo siku hizi hupatikana katika simu ya mkononi. Hapo hujua volti zinazotakiwa. Zipo zinazofanya kazi kwa volti 12, na hizo ndizo zinazotufaa vijijini, kwani betri ya sola hutoa volti hizo hizo. Zipo zinazotaka zaidi. Na zipo ambazo waya zote mbili za spika zina umeme, hivyo haifai waya wowote wa spika kuunganishwa na upande hasi wa betri.

Mwisho ni sanduku. Spika iliyo wazi hutoa sauti nyembamba, kwa sababu sauti ya nyuma ya koni huzunguka na kuifuta ile ya mbele, hasa sauti nzito. Mbao za misindano hazikosekani wilayani Rungwe, na seremala yeyote anaweza kutengeneza sanduku lililozibwa vizuri kwa asubuhi moja. Tuseme pia ukweli: sanduku la wati tano au kumi litatosha darasa, zahanati au kikao cha ndani. Halitatosha uwanja wa mpira. Asiahidi mtu zaidi ya hapo.

Wako watakaosema kwamba haya ni mambo ya umaskini, na kwamba heshima ni kununua kipya. Tunawaomba watazame nje ya wilaya. Mjini Kinshasa, kundi la Konono N°1 lilitengeneza vipaza sauti vyake kwa sumaku zilizotolewa katika vipuri chakavu vya magari, likapeleka muziki wake wa likembe hadi majukwaa ya Ulaya na Marekani. Hapa kwetu, vijana wa mchiriku wa Dar es Salaam walijenga muziki wao juu ya vinanda vidogo vya bei nafuu na spika za tarumbeta. Heshima ya fundi iko katika kazi inayotoka mkononi mwake.

Lakini hapatoshi kusifu. Televisheni ya chogo ni mnyama anayeuma akiwa amekufa. Kioo cha televisheni ya rangi hufanya kazi kwa umeme unaozidi volti 20,000, na umeme huo huweza kubaki ndani yake baada ya waya kuchomolewa ukutani. Kapasita kubwa ya sehemu ya kuingizia umeme nayo huweza kushika zaidi ya volti 300. Aidha, katika baadhi ya televisheni ubao wenyewe umeungana moja kwa moja na umeme wa nguzo, hivyo mtu anayechomeka simu yake au kipaza sauti kwenye ubao huo ukiwa umewashwa anaishika nguzo ya TANESCO kwa mkono wake.

Kwa hiyo tunasema bila kuuma maneno: kufungua chogo si kazi ya mtoto, wala si kazi ya mtu mzima asiyefundishwa. Na fundi akishatoa sehemu ya sauti, asiiwashe kwa umeme wa televisheni ile. Aiwashe kwa betri. Sheria hii moja ingetuepusha na misiba mingi.

Hatari ya pili ni ya polepole. Kioo cha chogo kina madini ya risasi, na katika televisheni kubwa risasi hiyo huzidi kilo moja. Kikiwa kizima, madini hayo yamefungwa ndani ya kioo. Kikivunjwa na kusagika, vumbi na vipande vyake huwa hatari, na unga uliopakwa ndani ya uso wa kioo nao haufai kuvutwa wala kuguswa. Kwa bahati mbaya, wapo wanaokusanya vyuma chakavu ambao huvunja shingo ya kioo ili wapate koili ya shaba, kisha huacha vipande kwenye korongo lililo karibu. Katika wilaya nyingine korongo ni korongo tu. Rungwe, kila korongo ni mto. Maji yetu huteremka kwa Kiwira na Mbaka, hupita Kyela na kuingia Ziwa Nyasa. Tunachokitupa mlimani, ndugu zetu wa mabondeni wanakipokea bila kuulizwa.

Jambo hili si letu peke yetu. Taarifa ya dunia iliyotolewa mwaka 2024 ilieleza kwamba mwaka 2022 binadamu walitupa tani milioni 62 za vifaa vya umeme na elektroniki, na kwamba chini ya robo yake ndiyo iliyothibitika kukusanywa na kuchakatwa ipasavyo. Nchi za Afrika zilikwisha kuona hatari ya taka za sumu tangu Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991. Lakini mikataba haifungui stoo zetu. Tutazifungua wenyewe.

Tufanye nini basi? Tuna mapendekezo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji fedha za kigeni.

Kwanza, kila kata iwe na mahali pamoja palipoezekwa pa kupokelea chogo zilizokufa, zikiwa nzima. Mwananchi apeleke yake hapo badala ya korongoni. Vioo visivunjwe, vitunzwe vikavu mpaka Halmashauri ipate njia ya kuvifikisha kwa wenye leseni ya kushughulikia taka za namna hiyo.

Pili, ufunguaji wa televisheni hizo ufanywe mahali panapofundishwa ufundi. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi vilianzishwa mwaka 1975 ili elimu iwafuate watu wazima mahali walipo, na hapa Rungwe tunacho cha Katumba. Vyuo vya VETA navyo vipo mkoani. Mafundi redio wetu wa mitaani, ambao wengi walijifunza kwa kumtazama kaka au mjomba, wakaribishwe huko kwa siku chache, wafundishwe usalama, nao wawafundishe wanafunzi ujanja walioupata kwa miaka mingi ya kushika bisibisi. Kila upande una cha kuupa mwingine.

Tatu, masanduku yatakayotengenezwa yaanzie kwenye mikutano mikuu ya vijiji, madarasa yenye wanafunzi wengi na zahanati ambako mama hukaa nje akisubiri jina lake liitwe. Na fundi alipwe. Kujitegemea, kama Azimio la Arusha lilivyotufundisha mwaka 1967, hakukuwa na maana ya kumfanyisha kazi kijana kwa shukrani tupu. "Ndaga fijo" ni neno zuri, lakini halinunui risasi ya kulehemia.

Wahenga walisema kwamba penye wengi hapaharibiki neno. Walidhani, bila shaka, kwamba hao wengi wanasikilizana. Yule mzee wa mlangoni hakuomba kitu cha ajabu. Aliomba asikie fedha yake imekwenda wapi. Vifaa vya kumsikilizishia vipo, vimelala stoo na majalalani, vikisubiri mtu anayejua kuvitoa bila kuumia na bila kumwumiza jirani. Masika mengine yatakuja, na bati litapigwa tena. Tusikubali kwamba, mvua ikinyesha, wananchi wa Rungwe wabaki wakitazama midomo.