Nomino *slovo ya Mame-Kislavi: Asili na Uambishaji Wake

Wanaojifunza Kirusi hufundishwa kwamba slovo, yaani 'neno', lina shina slov- na kiambishi tamati -o. Kwa Kirusi cha leo maelezo hayo yanatosha. Kwa Mame-Kislavi hayatoshi, kwa kuwa katika Kislavi cha Kale cha Kanisa umbo la umilikishi ni slovese, na la wingi ni slovesa. Hiyo -es- imetoka wapi?

Haikuongezwa, ilikuwapo tangu awali. Katika Mame-Kihindi-Kiulaya nomino hii iliundwa kwa mzizi *ḱlew- 'sikia' na kiambishi chenye sura mbili: -os katika *ḱléwos, -es- katika umilikishi *ḱléwesos. Ndugu zake ni kléos la Kigiriki na śrávas la Kisanskriti, yote mawili yakimaanisha 'sifa, utukufu'. Kinachosikika juu ya mtu kilikuwa sifa kwa Wagiriki. Kwa Waslavi kikawa neno lenyewe. Mabadiliko ya sauti hayana utata: *ḱ ikawa s, na *ew ikawa ov mbele ya irabu ya nyuma, kama *newos ilivyozaa novъ 'mpya'. Kisha konsonanti zote za mwisho wa neno zikadondoka. Kwa hiyo -o ya slovo ni mabaki ya shina.

Hapa ndipo penye mgogoro. *Wĺ̥kʷos 'mbwamwitu', nomino ya jinsi ya kiume, ilizaa vьlkъ. Sauti zilezile *-os, mahali palepale, matokeo mawili. Baadhi ya wanaisimu hushikilia kwamba -ъ ndiyo ya kanuni, na kwamba slovo liliiga -o ya kiwakilishi to. Wengine husema -o ndiyo ya kanuni, na vьlkъ lilichukua umbo la yambwa, ambalo *-om yake ilizaa -ъ. Naelemea upande wa pili. Igo 'nira' lilitokana na *yugóm. Kwa kanuni lilipaswa kuishia na -ъ, hivyo -o yake ni ya kuazima kwa vyovyote vile. Kiwakilishi to kingeweza kuikopesha, lakini hata kundi dogo la slovo na nebo 'mbingu' lingeweza, nalo lilikuwa la nomino.

Baadaye mpaka wa shina ulihama. Tayari katika Kislavi cha Kale cha Kanisa umbo slova linaonekana kando ya slovese, na Kirusi kikalifuata, kikibakiza -es- katika nebesa na čudesa 'miujiza'. Koleso 'gurudumu' lilikwenda kinyume: -es- ilipenya hadi umoja, ilhali Kicheki kina kolo. Kiswahili nacho kina jino/meno, ambapo ji- huondoka katika wingi, lakini jina/majina, ambapo imeganda kama sehemu ya shina. Kicheki kimeyahifadhi mashina yote mawili ya nomino yetu: slovo ni 'neno', sloveso ni 'kitenzi'.