Vitz, IST ao Fit? Wamama wenye magari wanatuambia

Katika mikutano yetu kuna ulizo moja linalorudia kila mara: mama akipata pesa ya gari ndogo, anunue gani? Safari hii ulizo halikuja kwa kupitisha wakati tu. Wamama 12 wauzaji wa Katuba, wenye kuweka pesa pamoja katika likelemba, wamefikia kiasi cha kununua gari moja. Moja, si mbili. Gari hiyo itapeleka unga na mboga sokoni asubuhi, itachukua watoto kwenye masomo saa sita, na usiku mama akishikwa na uchungu itampeleka maternite. Ikichaguliwa vibaya, jasho la wamama 12 litalala chini ya mwembe, bila mipira, kuku wakitaga ndani.

Kwa hiyo tulizunguka Katuba, Kenya, Kampemba na Ruashi, tukaongea na wamama wenye magari, na madereva wa teksi, na mafundi wawili watatu. Hatukuwauliza sana bei waliyonunulia. Tuliwauliza pesa waliyotumia kisha kununua, sababu hapo ndipo gari inaonyesha tabia yake.

Wengi wanauliza pia sababu gani magari karibu yote ni ya Japani. Kule, gari mpya ya mtu binafsi inapimwa na sheria ikifika miaka 3, kisha kila miaka 2. Upimaji huo wanauita shaken, na unaomba pesa nyingi. Gari ikizeeka kidogo, mwenyewe anaona heri aiachilie anunue nyingine. Inapelekwa mnadani, inapanda meli mpaka Dar es Salaam, inapita Tunduma, inakata Zambia, inaingia kwetu Kasumbalesa. Basi gari inayofika hapa mara nyingi imetunzwa vizuri miaka yake ya kwanza. Taabu inaanza na sisi.

Tuanze na Toyota IST, sababu ndiyo wamama wa Katuba waliitaja kwanza. Ilitoka mwaka 2002. Ni ndugu wa Vitz, wamechangia mambo mengi ya chini, lakini IST imeinuka kidogo na mipira yake ni ya inchi 15, jambo ambalo mtu wa Katuba analielewa bila kuelezwa, hasa mwezi wa kwanza mvua ikiwa imechimba barabara. Moteri zake ni mbili, ya 1300 na ya 1500. Hii ya 1500 jina lake ni 1NZ-FE, na jina hilo mulikumbuke. Ni moteri ileile iliyo ndani ya Corolla nyingi za miaka hiyo, ndani ya Fielder, Funcargo, Platz, Raum na Probox. Maana yake piesi zinapatikana, mpya na za kuvuliwa kwenye gari nyingine, na kila fundi mwenye miaka mitano kazini amekwisha kuishika.

Mama mmoja wa Kampemba ana IST ya 1500 aliyoipangisha kwa dereva wa teksi miaka 4. Alituonyesha daftari lake, limeandikwa kwa kalamu ya bleu, kila kitu na tarehe yake. Amotisere za mbele mara mbili. Rotule. Plakete za freni mara nyingi sana, sababu teksi inasimama kila kona. Radiatere moja. Moteri yenyewe haijafunguliwa hata siku moja. Alituambia siri yake ni vidanji kila kilometre 5,000, na anasimama pale mwenyewe akiangalia bidoni ikifunguliwa, sababu dereva mmoja aliwahi kumwekea mafuta ya zamani yaliyochujwa kwa kitambaa. Kwa esansi, wenye IST ya 1500 wanasema inakunywa lita 8 hivi kwa kilometre 100 mjini, na ukiwasha kilimatiza inazidi.

Vitz ilitoka mwaka 1999. Ulaya inaitwa Yaris, na mwaka 2000 kule waliichagua kuwa Gari ya Mwaka. Wamama wanaoipenda zaidi ni wale wanaoendesha wenyewe, peke yao na watoto wawili: mwalimu, muuguzi, mama wa ofisi. Ile ya moteri 1000, yenye silinda 3, inatikisika kidogo ikisimama kwenye taa, na wengine wanafikiri ni ugonjwa; hapana, silinda 3 ndivyo zilivyo. Inaenda na lita 6 hivi kwa kilometre 100, na hakuna aliyetulalamikia esansi. Wanalalamikia nafasi ya nyuma. Weka mifuko miwili ya unga ya kilo 25 na beseni, imejaa. Na ukipakia watu watano wazima uende nao Likasi, utasikia inavyopumua. Bahati yetu Lubumbashi hatuna milima kama ya Bukavu.

Jambo moja kuhusu Vitz ambalo wauzaji hawalisemi: katika zile zilizoanza mwaka 2005, ya 1000 ina otomatiki ya kawaida ya vitesi 4, lakini ile ya 1300 mara nyingi ina bwati ya CVT, yaani isiyo na vitesi vya kuhesabika, inateleza kwa mkanda wa chuma. Hilo linatuleta kwenye Honda Fit.

Fit ni gari yenye akili. Ilitoka mwaka 2001, na mwaka 2002 iliuzwa Japani kuliko Corolla, ambayo ilikuwa imeshika nafasi ya kwanza miaka 33. Wahandisi waliweka tangi ya esansi chini ya viti vya mbele, kwa hiyo viti vya nyuma vinalala mpaka chini kabisa, ao unainua kikalio unapata nafasi ya kusimamisha kitu kirefu. Mama mshonaji wa mtaa wa Kenya anabeba cherehani yake na meza yake bila kuvunja kitu. Ukimwuliza kama angebadilisha na IST, anakucheka.

Lakini bwati ya Fit zile za kwanza ni CVT, na inataka mafuta yake yenyewe, ya Honda, yanayoitwa HMMF. Mafuta mekundu ya otomatiki ya kila siku si yake. Mama mwingine, huyu wa Ruashi, alipeleka Fit yake katika garaji moja ya mjini. Fundi akamwambia mafuta ni mafuta, akajaza yale mekundu. Kisha wiki chache gari ikaanza kutetemeka kila inapoondoka, kama mtu mwenye malaria. Kisha ikakataa kurudi nyuma. Bwati nyingine ya kuvuliwa ilimla pesa ya masomo ya watoto ya mwaka mzima, na mumewe hakuacha kumkumbusha. Garaji hatuitaji. Tunasema tu: kama hujui mahali pa kununua HMMF hapa mjini, na hujui fundi anayeijua, Fit si gari yako, hata ikiwa nzuri namna gani. Na ile ya 1300 ina bujii 8, si 4. Fundi akikuletea hesabu ya bujii 4, mwulize zile nyingine zimeenda wapi.

Nissan March tulisikia wanne tu wakiisemea, wote kwa heri, ila piesi zake zinawachosha kuzitafuta. Starlet za zamani, zile zilizoisha kutengenezwa mwaka 1999, bado ziko na zinatembea, lakini moteri yao inaendeshwa na mkanda wa mpira unaopaswa kubadilishwa kila kilometre 100,000 hivi. Nani anajua ulibadilishwa lini? IST, Vitz, Fit na March mpya zote zina mnyororo wa chuma, ambao ukitunza mafuta unadumu.

Sasa jambo linalowasaidia wamama wasiojua kufungua kapo. Usimwamini muuzaji akikuambia "hii ni 1500". Tazama namba ya shasi. Kwa IST, ikianza na NCP60 ni 1300, NCP61 ni 1500. NCP65 ni 1500 yenye kuvuta magurudumu 4, nzuri kwa matope lakini ina vitu zaidi vya kuharibika. Kwa Vitz za kuanzia 2005, KSP90 ni 1000 na SCP90 ni 1300. Kwa Fit za kwanza, GD1 ni 1300, GD3 ni 1500. Andika hizo herufi kwenye kipande cha karatasi, weka ndani ya sakosi, uende nazo. Tuliona mama akizitaja mbele ya muuzaji, na yule bwana akaanza kuongea na heshima.

Kilometre za kwenye tabulo usizisadiki peke yake. Cheti cha Japani cha kutoa gari nje kinaandika kilometre, omba ukione. Kama hakipo, tazama raba ya pedali ya freni na ngozi ya volani. Gari inayosema 60,000 na pedali imelika mpaka chuma, inadanganya.

Halafu kuna shida ya volani kulia. Japani wanatembea kushoto, sisi tunatembea kulia. Mjini utazoea. Kwenye barabara ya Likasi na Kolwezi, nyuma ya malori ya madini, huoni mbele mpaka gari yako imetoka nusu nzima. Wamama wote tuliozungumza nao walisema jambo moja: hatupiti lori, tunangoja, ao tuna mtu mzima kiti cha kushoto anayetazama na kusema. Na taa: za Japani zimeelekezwa kumulika upande wa kushoto, hivi hapa zinamchoma macho anayekuja mbele yako. Fundi wa umeme azishushe. Redio nayo itakukasirisha. Zile za Japani za miaka hiyo zinaishia 90 kwenye FM, na redio zetu nyingi ziko juu ya hapo. Nunua kibadilishaji kidogo, ao imba mwenyewe.

Vumbi letu la mwezi wa tano mpaka wa tisa linaua magari madogo kimyakimya. Filtre ya hewa isafishwe kwa kompresa kila mwezi, ibadilishwe kabla ya mvua. Ndani ya radiatere weka maji ya radiatere, si ya robine, yanaleta kutu.

Kwa wamama wa Katuba, shauri letu tulilowapelekea ni IST ya 1500, NCP61, hata ikiwa ya zamani zaidi kuliko Vitz ya bei ileile. Watabeba mizigo, watabeba watu, barabara ni mbaya, na mafundi wao ni wa mtaani. Tuliwaomba pia wasimalize pesa yote kwenye kununua. Sehemu moja kati ya tano ibaki kwa vidanji ya kwanza, mipira, asiransi na karatasi. Wawili kati yao hawakufurahi, walitaka gari yenye rangi nzuri zaidi. Tunawaelewa.

Mbaki mmoja ni karatasi, na hapo walibishana kuliko kwenye moteri. Karti rozi iandikwe jina la nani? Mwanzoni wazo lilikuwa jina la bwana wa mmoja wao, "sababu polisi wa rulaje watamsikiliza". Tuliwakumbusha kwamba sheria ya tarehe 15 mwezi wa saba 2016, iliyogeuza Kode ya Familia, ilitoa ile ruhusa ya mume iliyokuwa ya lazima, ikaweka mapatano kati ya mume na mke. Mama anaweza kuandikwa. Mwishoni walikubaliana iandikwe jina la presidanti wao, na pembeni waandike mapatano yenye saini za wote 12, kila mmoja na sehemu yake, na jinsi atakavyolipwa akitoka kikundini. Nakala tatu: moja kwa presidanti, moja kwa mtunza pesa, moja nyumbani kwa mama mzee kuliko wote, ambaye hajui kuendesha na hataki kujifunza.

Jumamosi wanaenda na fundi kutazama IST mbili. Watafika asubuhi mapema, kabla muuzaji hajawasha moteri, ili waisikie ikiamka baridi.