Pampu ya sola haina dizeli, lakini ina gharama

Nje ya mji wa Garissa kuna paneli za sola zaidi ya 200,000 zilizopangwa kwenye ardhi ya hekta 85. Mtambo huo wa megawati 50 ulifunguliwa rasmi Desemba 2019, na umeme wake huingizwa kwenye gridi ya taifa. Kwa mfugaji wa Hulugho au Lagdera anayeishi mbali na nyaya za gridi, mtambo huo ni habari ya kusikia tu. Kwake yeye nguvu za jua zina maana moja kubwa: pampu ya kisima.

Visima vingi tunavyotegemea vilichimbwa kwa mashine na maji yake yako chini sana. Si maji ya kuteka kwa ndoo na kamba. Ili yafike juu, lazima pampu ipate nguvu. Kwa miaka mingi nguvu hiyo imetoka kwa jenereta ya dizeli, na hapo ndipo ukame unapotuumiza mara mbili. Kati ya mwisho wa 2020 na mwanzo wa 2023, misimu mitano ilifuatana bila mvua ya kutosha. Mabwawa yakikauka, mifugo yote huelekea visimani, na jenereta iliyozoea kufanya kazi saa chache sasa hunguruma mchana na usiku. Humeza mafuta, hupata moto, na huharibika wakati ambao kila mtu anaihitaji.

Kisha mwishoni mwa 2023 zikaja mvua za El Niño, na mafuriko yakakata barabara. Lori la mafuta halivuki maji. Hali hii ya ukame mrefu na mafuriko ya ghafla ndiyo wataalamu wanayosema itazidi kadiri dunia inavyopata joto.

Hesabu ya dizeli

Tuchukue mfano wa jenereta inayotumia lita 5 kwa saa na kufanya kazi saa 10 kwa siku. Hizo ni lita 50 kwa siku, au lita 1,500 kwa mwezi. Dizeli ikiuzwa shilingi 170 kwa lita, kisima kimoja kinateketeza shilingi 255,000 kila mwezi kabla ya kulipa mlinzi, fundi, oili na filta. Bei ya juu kabisa ya dizeli hutangazwa na mamlaka ya EPRA tarehe 14 ya kila mwezi, na kijiji hakina la kusema. Zaidi ya hayo, kila lita inayochomwa hutoa takriban kilo 2.7 za gesi ya kaboni. Kisima chetu cha mfano hutoa kama tani 4 kwa mwezi.

Tuseme ukweli kuhusu tani hizo. Kenya nzima huchangia chini ya asilimia 1 ya gesi hizo duniani, na umeme mwingi wa gridi yetu tayari unatokana na mvuke wa ardhini, mito, upepo na jua. Kuzima jenereta za Garissa hakutapunguza joto la dunia kwa kiasi cha kuonekana. Faida yetu iko kwingine: kijiji ambacho maji yake hayasubiri lori la mafuta kina nafasi nzuri zaidi ya kuvuka ukame kikiwa na mifugo hai.

Betri ziko wapi?

Hili ndilo swali linaloulizwa sana. Paneli hutoa umeme, kifaa kiitwacho inveta huurekebisha, kisha umeme huo huendesha pampu iliyozamishwa ndani ya kisima. Betri mara nyingi hazipo, na hazihitajiki. Maji hupandishwa mchana hadi kwenye tangi lililoinuliwa, na usiku huteremka yenyewe hadi kwenye kioski na birika la mifugo. Tangi ndilo betri yenyewe. Kwa hivyo mradi wenye paneli nyingi na tangi dogo umepangwa vibaya, hata ukipendeza kwenye picha.

Jua nalo lina tabia inayotufaa. Kiangazi kikali ndicho kipindi cha mawingu machache, na ndicho tunachohitaji maji mengi zaidi. Siku za mvua pampu hupunguza kasi, lakini siku hizo mabwawa nayo yana maji. Penye ngamia na ng'ombe wengi wanaofika hata usiku wa manane, ni busara kubakiza jenereta kama akiba badala ya kuiuza.

Deni linalokuja kimya kimya

Paneli zikishafungwa, hoja ya kwanza kwenye baraza huwa ni hii: jua ni la Mungu, kwa nini tulipie maji? Inaeleweka. Lakini ndiyo hoja inayoua miradi.

Paneli nzuri hudumu miaka 25 au zaidi. Inveta na pampu hazifiki huko. Nyingi huhitaji kubadilishwa baada ya miaka kati ya 5 na 10. Jenereta ilikuwa na ukali wake: bila pesa ya mafuta leo, hakuna maji leo, kwa hivyo watu walilipa. Sola hunyamaza kwa miaka, kisha hudai deni lote kwa siku moja. Kamati iliyogawa maji bure miaka sita haina hata shilingi siku inveta inapoungua, na kama siku hiyo ni katikati ya kiangazi, wafugaji hurudi kutembea mwendo mrefu kutafuta kisima kingine.

Bei ya mtungi wa lita 20 inaweza kushuka baada ya kuacha dizeli, na inafaa ishuke. Isifike sufuri. Kamati ikiweka kando shilingi 20,000 kwa mwezi, ambazo hazifiki sehemu moja kwa kumi ya bili ya dizeli katika mfano wetu, itakuwa na shilingi 1,200,000 baada ya miaka mitano. Pesa hizo zikae benki, zisikae kwa mtu. Malipo kwa simu ni bora kuliko taslimu kwa sababu huacha rekodi, na hesabu isomwe mbele ya watu barazani, kina mama wanaoteka maji wakiwemo.

Kuna hatari nyingine isiyotajwa sana. Dizeli ilitulazimisha kuzima pampu. Sola haina breki hiyo: pampu inaweza kwenda kutwa, kila siku, maji yakimwagika, hadi kiwango cha maji kisimani kishuke. Maji yasiyokauka pia huwafanya wenye mifugo kupiga kambi hapo hapo, na malisho ya akiba huisha kabla ya kiangazi kufika kilele. Wazee wanaosimamia malisho wawe na sauti katika kuamua kisima kifunguliwe lini na kifungwe lini. Pampu nayo iwekewe swichi ya kuizima yenyewe tangi likijaa.

Utunzaji wa kila siku si mgumu. Vumbi lifutwe kwa maji na kitambaa laini asubuhi na mapema au jioni, kwa kuwa maji baridi kwenye kioo chenye moto wa adhuhuri yanaweza kukipasua. Kivuli kwenye paneli moja tu hupunguza nguvu ya safu nzima, kwa hivyo mathenge ikatwe ikiwa bado changa. Sote tunajua inavyoota haraka penye maji yanayovuja.

Kijiji kinachotaka kisima chake kibadilishwe kianzie kwa kamati ya mabadiliko ya tabianchi ya wadi, ambayo hupokea mapendekezo ya wakaazi chini ya mpango wa FLLoCA. Kabla ya kukubali kazi ianze, ombeni kuona mambo matatu: majaribio ya kupima kiasi cha maji ambacho kisima kinaweza kutoa, leseni ya EPRA ya fundi wa sola, na maandishi ya muda wa dhamana ya inveta na pampu. Pampu ikikwama, ripoti ipelekwe siku hiyo hiyo kwa ofisi ya maji ya kaunti ndogo, na mtu asiyekuwa fundi asifungue inveta. Umeme wa paneli hauzimiki jua likiwa limewaka, na unaweza kuua.