Majina ya Mahali na Maneno ya Mezani katika Kitovu cha Mji wa Likasi

1.0 Utangulizi

Mgeni anayefika Likasi kutoka Lubumbashi, mwendo wa kilomita zipatazo 120 kuelekea kaskazini-magharibi, kwa kawaida huonyeshwa mambo machache: stesheni ya reli, njia pana zenye mijakaranda, majengo ya maduka yaliyojengwa enzi ya Wabelgiji na, kwa mbali, kiwanda cha Shituru. Akishikwa na njaa huelekezwa mahali pa kula. Matembezi ya namna hiyo yana faida yake, lakini yana upungufu mmoja mkubwa. Humwonyesha mgeni jengo bila kumpa neno ambalo wenyeji hulitumia kulitaja, na bila kumweleza neno hilo limetoka wapi.

Makala haya yanakusudia kueleza kwamba katika mji kama Likasi, ambao jina lake lenyewe lilibadilishwa kwa amri na ambao mengi ya matukio yake hayasomeki katika kuta, maneno ya Kiswahili cha kila siku ni sehemu ya urithi wa kihistoria sawa na mawe na matofali. Maneno yatakayochunguzwa ni ya aina mbili: yale yanayotaja mahali na yale yanayohusu chakula. Aina hizi mbili haziwezi kutenganishwa, kwa kuwa mji huu ulizaliwa na kampuni iliyompangia mfanyakazi mahali pa kulala na pia kiasi cha unga wa kula.

2.0 "Ville", "cité" na kampi

Kiswahili Sanifu kina neno moja jepesi kwa anayekwenda katikati ya mji: anakwenda mjini. Msemaji wa Likasi hana budi kuchagua. Husema anakwenda "mu ville", au yuko "mu cité", au anakaa "mu kampi". Mambo mawili ya kisarufi na kimsamiati yanastahili kuangaliwa hapa.

Kwanza, kiambishi tamati -ni cha Kiswahili Sanifu kimeachia nafasi vielezo "mu" na "ku" vinavyotangulia nomino, kama ilivyo katika lugha nyingi za Kibantu zinazozungumzwa katika Katanga. Pili, nomino zenyewe ni za Kifaransa, nazo hazikuingia kwa bahati. Katika miji ya Katanga wakati wa ukoloni, "ville" ilikuwa makazi na maduka ya Wazungu. "Cité" ilikuwa makazi ya Waafrika wasiokaa katika nyumba za kampuni. Kampi zilikuwa safu za nyumba ambazo Union Minière du Haut-Katanga, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1906, iliwajengea wafanyakazi wake. Mpangilio huo wa makazi uliwekwa kwa sheria na kulindwa na polisi. Sheria hiyo imekwisha kufutwa zamani, lakini sarufi ya mji imebaki. Mtu anayetoka Kikula au Panda kwenda kununua kitu katikati ya Likasi bado husema anakwenda "mu ville", ingawa kiutawala Likasi, Kikula, Panda na Shituru zote ni wilaya za mji mmoja.

Kiswahili chenyewe kilipata nafasi yake hapa kwa njia ya kazi. Katika miaka ya mwanzo ya migodi, wafanyakazi wengi walitoka Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya sasa. Baadaye kampuni iliajiri zaidi kutoka Kasai, Katanga yenyewe na Ruanda-Urundi. Johannes Fabian, katika kitabu chake cha mwaka 1986 kuhusu lugha na utawala wa kikoloni, ameonyesha jinsi wakubwa wa Kibelgiji walivyoona katika Kiswahili chombo cha kuitenga Katanga na mvuto wa nchi za kusini zilizotumia Kiingereza. Hivyo lugha ambayo leo mkazi wa Likasi huiona kuwa ya nyumbani ilikuzwa pia na hesabu za siasa na za shaba. Jambo hilo haliipunguzii lugha heshima. Linaeleza tu kwa nini maneno yake mengi yananukia kiwanda.

3.0 Jina lililoondoka na kubaki

Wakati wa utawala wa Ubelgiji mji huu uliitwa Jadotville, kwa heshima ya Jean Jadot, mhandisi wa reli aliyepata kuwa mkuu wa Société Générale de Belgique, shirika la fedha lililokuwa na sauti kubwa ndani ya Union Minière. Mwaka 1966, wakati Léopoldville ilipoitwa Kinshasa na Élisabethville ikaitwa Lubumbashi, jina Likasi lilirudishwa. Mwaka uliofuata mali za Union Minière zilikuwa mikononi mwa taifa, na kampuni iliyoirithi ikaja kujulikana kwa jina la Gécamines.

Hata hivyo, jina la Jadot halikufa, lilihama. Kuanzia tarehe 13 hadi 17 Septemba 1961, wakati wa vita vya kujitenga kwa Katanga, askari wapatao 155 wa Ireland waliotumwa na Umoja wa Mataifa, wakiongozwa na Pat Quinlan, walizingirwa karibu na mji huu hadi maji na risasi zikawaishia, wakajisalimisha. Hakuna hata mmoja wao aliyeuawa katika mapigano hayo. Mwaka 2016 ilitolewa filamu kuhusu mkasa huo, na mwaka 2017 serikali ya Ireland iliwatunuku askari hao nishani yenye jina la Jadotville. Kwa hiyo, jina lililofutwa katika ramani ya Kongo linaheshimiwa katika nchi ya mbali, na baadhi ya wageni hufika Likasi wakiwa na jina hilo tu midomoni mwao. Hapa mwongoza wageni anapaswa kuwa mwangalifu. Siku tano za mwaka 1961 ni sehemu ya historia ya mji, lakini si kipimo cha historia yote ya wenyeji wake.

4.0 Stesheni

Alama ambayo wenyeji wengi wangeiweka mbele ya zote ni stesheni, ambayo huitwa kwa jina lake la Kifaransa: "ku gare". Reli iliyofika Élisabethville mwaka 1910 iliendelezwa kupitia eneo hili hadi ikafika Bukama, kwenye mto Lualaba, mwaka 1918. Bila reli hiyo shaba isingetoka, na watu wa Kasai wasingefika kwa wingi kufanya kazi. Ni reli hiyohiyo iliyotumika kuwaondoa.

Tarehe 15 Agosti 1992 Mkutano Mkuu wa Taifa uliokuwa ukifanyika Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mwenye asili ya Kasai, kuwa waziri mkuu badala ya Nguz Karl-i-Bond wa Katanga, jimbo lililoitwa Shaba wakati huo. Katika wiki zilizofuata, familia zenye asili ya Kasai zilishambuliwa na kufukuzwa katika nyumba zao hapa Likasi. Makumi ya maelfu ya watu walikimbilia stesheni na maeneo yaliyo karibu nayo, wakangoja treni kwa wiki na miezi. Wengi wao walizaliwa Katanga na hawakuwa wamewahi kuiona Kasai. Wengi, hasa watoto, walifariki kwa maradhi na njaa, wengine stesheni, wengine njiani. Mwaka 1993 yaleyale yaliwapata watu wa Kolwezi.

Mwanafunzi wa lugha ana sababu ya pekee ya kusimama mahali hapa. Katika maneno ya chuki ya wakati ule, watu hao waliitwa "bilulu", yaani wadudu. Katika Kiswahili cha Katanga, watu huchukua kiambishi ba-: bantu, batoto, Bakasai. Kiambishi bi-, kinacholingana na vi- ya Kiswahili Sanifu, ni cha vitu. Kwa neno moja, jirani aliondolewa katika ngeli ya watu na kutiwa katika ngeli ya vitu vinavyofagiwa. Sarufi haikuua mtu. Walioua ni watu. Lakini neno lilitangulia, nalo lilifanya kazi ya kuzoesha masikio. Mgeni anayeonyeshwa stesheni kama jengo la zamani tu, bila kuelezwa ngoja ile ndefu na neno lile fupi, hajaonyeshwa stesheni.

5.0 Kutoka posho hadi "restora"

Baada ya stesheni, matembezi huishia mezani, na meza nayo ina historia yake. Neno la kwanza kulichunguza ni posho. Kampuni iliwagawia wafanyakazi chakula kila wiki: unga wa mahindi, maharage, karanga, mafuta, chumvi, na nyama au samaki. Uhusiano kati ya mgao huo na kupita kwa siku saba ulikuwa wa nguvu kiasi kwamba katika Kilingala neno hilo, kwa umbo la "mposo", limekuwa na maana ya wiki yenyewe. Ni mfano bora wa jinsi ratiba ya mwajiri inavyoweza kugeuka kuwa kalenda ya jamii.

Kitu kilichopikwa kutokana na unga huo ndicho "bukari", ambacho Tanzania na Kenya huitwa ugali, na Wabemba huita "ubwali". Bukari huliwa kwa "sombe", yaani kisamvu, au kwa "lengalenga", yaani mchicha, au kwa samaki. Katika viti vya nje nyakati za jioni huuzwa "michopo", nyama ya mbuzi iliyochomwa, pamoja na bia ya Simba inayotengenezwa Lubumbashi. Wasiotumia bia hupata "munkoyo", kinywaji cha mahindi kinachochachushwa kwa mizizi ya mmea wenye jina hilohilo.

Samaki anastahili maelezo zaidi. Sehemu ya samaki wanaofika Likasi hutoka ziwa Tshangalele, ambalo halikuwapo kabla ya shaba. Lilitokea baada ya mto Lufira kuzuiwa kwa bwawa la Mwadingusha, lililoanza kutoa umeme mwaka 1930 kwa ajili ya viwanda. Kwa njia hiyo kiwanda kiliwapa watu samaki bila kukusudia. Kwa bahati mbaya, kiwanda hichohicho hutia dosari katika zawadi yake. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2010 kuhusu bonde la juu la Lufira ulikuta metali kama shaba na kobalti katika viumbe wa majini, samaki wakiwamo. Sahani moja ya bukari na samaki katikati ya Likasi, basi, ina ndani yake karne nzima ya mji.

Je, mahali pa kula sahani hiyo paitweje? Hapa msomaji wa Afrika Mashariki anaweza kupotea njia. Tanzania na Kenya, hoteli ni pia mahali pa kula, hata pasipo chumba cha kulala; mkahawa au mgahawa umetokana na kahawa; na Dar es Salaam ina mama ntilie wake. Likasi, hoteli ni ya kulala. Pa kula ni "restora", kutoka Kifaransa, na pa kunywa na kula pamoja mara nyingine huitwa "nganda", neno la Kilingala lililokuwa na maana ya kambi ya wavuvi kabla halijafika katika baa za Kinshasa.

Tofauti hizo zina sababu zake. Katika "ville" ya zamani, meza za kulia zilikuwa mikononi mwa Wazungu, na biashara ndogondogo za miji ya Katanga ziliendeshwa kwa sehemu kubwa na Wagiriki, Waitaliano, Wareno, na Wayahudi waliotoka kisiwa cha Rhodes. Hadi miaka ya mwisho ya ukoloni, Mwafrika aliingia humo kama mpishi au mtumishi, si kama mteja. Aliyebeba sahani alijifunza neno kutoka kwa aliyeketi. Leo anayeketi na anayepika ni wenyeji wa mji, na wengi wa wapishi hao ni wanawake wanaofanya biashara kwa mtaji wao wenyewe. Biashara hiyo iliongezeka kadiri Gécamines ilivyodhoofika tangu miaka ya 1990, hasa baada ya kampuni kuwaachisha kazi zaidi ya wafanyakazi 10,000 katika mpango ulioanza mwaka 2003. Posho ilipokoma, sufuria ya barabarani ilichukua nafasi yake.

6.0 Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba kuzuru kitovu cha Likasi ni kazi ya macho na ya masikio kwa pamoja. Maneno "ville", "cité" na kampi yanahifadhi mipaka ambayo kuta hazionyeshi tena. Jina Jadotville linafundisha kwamba kumbukumbu inaweza kuhamia ughaibuni. Stesheni inafundisha neno linaloweza kutangulia maangamizi. Na posho, bukari na "restora" vinasimulia jinsi mfanyakazi alivyolishwa na jinsi alivyoanza kujilisha.

Lubumbashi ina bahati ya kuwa na maandishi yaliyokusanywa mwaka 1965 na André Yav pamoja na watumishi wenzake wa nyumbani, kwa Kiswahili chao wenyewe, kuhusu historia ya mji wao, nayo yakachapishwa na Fabian mwaka 1990. Watu hao hawakuwa wanachuo. Walijua tu kwamba wakifa bila kuandika, mji utabaki na majengo yasiyo na wasemaji. Kazi ya namna hiyo yaweza kufanywa Likasi pia, na haihitaji fedha nyingi. Mwanafunzi akiwa na daftari, akisimama mbele ya jengo au akiketi mezani, aulize maswali matatu: Hapa panaitwaje? Palikuwa pakiitwaje zamani? Ni nani aliyekuwa haruhusiwi kuingia, au aliyelazimishwa kuondoka? Waliongoja stesheni mwaka 1992 wakiwa watu wazima sasa ni wazee. Maswali hayo yafaa kuulizwa wangali wapo wa kuyajibu.