Ukinunua Kiondo Leo, Pesa Yako Inaingia Simu ya Nani?

Kila wikendi hapa Nairobi kuna mtu anatoka Maasai Market na mfuko umejaa: kiondo cha dada, bakuli la mawe ya Kisii, viatu vya shanga, na pengine twiga wa mbao wa rafiki aliye ng'ambo. Amelipa kwa simu, ujumbe umeingia, roho imetulia. Lakini kuna swali moja hajajiuliza. Kwa hizo pesa alizotuma, aliyesokota katani na aliyechonga jiwe watapata ngapi?

Wiki hii tunaongea kuhusu hilo. Noti ukishaitoa mkononi hujui inaishia wapi. Simu nayo inakuonyesha jina la anayepokea kabla malipo hayajakamilika. Wengi wetu tunalisoma jina hilo haraka haraka tukiogopa kukosea nambari, basi. Ukilisoma vizuri sokoni, linakuambia kama pesa yako inaenda kwa mwenye kazi au kwa mtu mwingine kabisa.

Tuanze na mahali pa kwenda

Ukiuliza vitu vya mikono vinauzwa wapi, utaambiwa Maasai Market. Soko hili linahama. Ijumaa huwa Village Market kule Gigiri, Jumamosi katikati ya jiji karibu na Mahakama, Jumapili Yaya Centre. Ratiba hubadilika, kwa hivyo uliza kabla ya kupanda matatu. Na jina lisikuchanganye, kwa sababu hapo utapata kazi kutoka pembe nyingi za nchi. Mawe yanatoka Tabaka, Kisii. Viondo vinatoka Ukambani na maeneo ya Mlima Kenya. Shanga nyingi ni kazi ya akina mama wa Kajiado na Narok.

City Market iko Muindi Mbingu Street, kwenye jengo la miaka ya 1930. Kuna nyama, samaki na maua, na kuna vibanda vya vinyago, vikapu na vitambaa. Faida yake ni kwamba wenye vibanda wako hapo kila siku. Kitu kikikusumbua Jumatatu, unajua pa kurudi.

Kariokor ni ya wapenda ngozi. Jina lenyewe limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Uingereza wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Leo ukifika utamkuta fundi anakata soli mbele yako, mwingine anashona shanga kwenye mikanda ya viatu. Mguu wako ukiwa mpana anakupima papo hapo. Hapa ni rahisi kumlipa fundi mwenyewe, kwa sababu unamwona akifanya kazi.

Kuna pia karakana zenye bei iliyobandikwa, hakuna kushindana. Kazuri, kule Karen, ilianza mwaka wa 1975 na wanawake wawili waliokuwa wakilea watoto peke yao. Leo kuna mamia ya wanawake wanaofinyanga shanga za udongo kwa mkono. Kitengela Glass wanayeyusha vioo vilivyotumika na kutengeneza glasi, sahani na taa. Hapo unaweza kusimama ukaona moto na kazi yenyewe kabla ya kununua.

Yule jamaa wa mfuko

Sasa turudi Maasai Market. Umeingia tu, jamaa mchangamfu anakusogelea. Anakuambia yeye ni msanii na hilo soko ni kama nyumbani kwake. Anakupa mfuko. "Weka kila kitu unachopenda, bei tutaongea mwisho." Mnapita kibanda kimoja hadi kingine. Kiondo kinaingia, bakuli linaingia, viatu vinaingia. Wenye vitu wanatabasamu lakini hawasemi bei. Mwisho jamaa anakuvuta kando, anapiga hesabu kwenye karatasi, anakutajia bei moja ya vyote. Mnavutana kidogo, mnaelewana, unatuma pesa kwenye nambari yake.

Tupige hesabu ya mfano. Tuseme umelipa shilingi 9,000. Mama wa kiondo alikuwa anataka 1,500, mwenye bakuli 800, mwenye viatu 1,200. Jumla ni 3,500. Hizo 5,500 zilizobaki ni za broka. Wewe umelipa zaidi ya mara mbili, na yule mama hajaongezewa hata shilingi. Ukirudi nyumbani utasema vitu vya Maasai Market ni ghali, na mwaka ujao hurudi. Wa kwanza kuumia hapo ni mama wa kiondo.

Si kila anayesimama katikati ni mkora. Kuna anayekuonyesha njia, anakutafsiria, anakubebea mzigo. Hiyo ni kazi na inafaa kulipwa. Lakini ilipwe kando, kwa kiasi mlichoelewana tangu mwanzo, kama muamala wake peke yake. Mkikubaliana shilingi 500 za kuzungushwa, mtumie hizo 500. Bei ya kiondo ongea na mwenye kiondo.

Kwa hivyo mtu akikupa mfuko, mwambie kwa upole: "Asante kaka, mimi nalipa kibanda kwa kibanda." Sentensi hiyo inatosha. Hakuna haja ya kugombana.

Jina linasema mengi

Ukishaelewana bei na muuzaji, muulize: "Nilipe kwa nambari gani, na itatokea jina gani?" Mwache ataje jina kabla hujaandika chochote. Kisha anza malipo, na ulinganishe na jina linalotokea. Yakifanana, kamilisha malipo. Yasipofanana, simama kwanza.

Jina tofauti si lazima liwe wizi. Wauzaji wengi wanauza kazi ya kikundi, na till imeandikwa jina la chama au la mwenyekiti. Wengine wanashiriki till na jirani wa kibanda. Uliza tu. Mtu mkweli atakuambia, "Hiyo ni till ya kikundi chetu cha Kajiado," bila kubabaika. Lakini ukiona kila kibanda unachoenda unaelekezwa kwenye nambari ile ile ya jamaa mmoja anayezunguka, umeshajua pesa inaenda wapi.

Kuhusu njia ya kulipa, kuna tofauti inayomgusa fundi pia. Ukilipa kwa till, kwa kawaida wewe mnunuzi hukatwi ada. Ukituma kwenye nambari ya simu, unakatwa kulingana na kiasi, na fundi naye anakatwa akienda kutoa kwa wakala. Till pia inamwachia rekodi ya biashara. Mama mwenye miezi sita ya mauzo yanayoonekana ana kitu cha kuonyesha siku akitaka mkopo wa kununua katani au shanga. Kwa hivyo kama ana till, lipa kwa till. Kama hana, tuma kwenye nambari yake mwenyewe.

Na tafadhali, ukishalipa, usiondoke mbio. Ngoja simu yake ilie. Kuna watu huwaonyesha wauzaji ujumbe bandia na kupotea na mali, ndiyo maana muuzaji anasubiri wake uingie. Akikuambia "ngoja kidogo," hajakudharau.

Jambo lingine, kurejesha muamala ni kwa aliyekosea nambari au kiasi. Kiondo ulichofika nacho nyumbani ukaona rangi haifanani na kochi ni cha kuongea na muuzaji. Ukikosea kweli, ripoti mara moja kabla pesa haijatolewa, kwa sababu ikishatolewa kuirudisha ni kazi ngumu.

Bei ya maelewano

Sokoni bei ya kwanza ni ya kuanzisha mazungumzo, na kila mtu anajua hivyo. Salimia kwanza. Uliza kitu kimetengenezwaje. Kisha taja bei yako, tabasamu, mkutane katikati. Ukinunua vitu viwili au vitatu kibanda kimoja, kupunguziwa ni rahisi. Ukifika asubuhi ukasikia "niungishe, ndiyo nafungua," uko mahali pazuri.

Lakini jua pa kusimamia. Kiondo cha katani hakianzi na kushona. Nyuzi husokotwa kwa mkono, mara nyingi pajani, zinatiwa rangi, ndipo kinasukwa kuanzia kitako kwenda juu. Hiyo inaweza kuchukua siku nyingi za mtu anayefanya pia kazi za nyumbani na shamba. Ukishusha bei hadi mama ananyamaza na kukupa tu kwa sababu anahitaji nauli, hapo hujashinda chochote. Umenunua siku zake za kazi kwa bei ya chakula cha mchana.

Jua unachoshika

Bei nzuri haina maana kama kitu si kile ulichodhani. Mambo machache ya kuangalia:

Mpingo. Mbao nyingi nyeusi sokoni zimepakwa rangi au kiwi ya viatu. Mpingo wa kweli ni mzito sana kwa ukubwa wake, hata majini huzama. Pangusa chini ya kinyago kwa kitambaa chenye maji. Rangi ikitoka, huo si mpingo. Hiyo haimaanishi kazi ni mbaya. Wachongaji wengi siku hizi wanatumia jakaranda, mwembe au mwarobaini, miti inayokua haraka kuliko mpingo, na hilo linasaidia misitu. Lipa tu bei ya mti unaopewa. Uchongaji huu wa kibiashara una historia ndefu Ukambani. Mutisya Munge wa Wamunyu anatajwa kama aliyeuanzisha, baada ya kujifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa vita vile vile vilivyoipa Kariokor jina.

Kiondo. Shika uzi. Katani ni kavu na ina vinyweleo. Nailoni inateleza na kung'aa. Vyote vinauzwa, lakini bei isiwe moja. Angalia kitako na mahali mkanda wa ngozi umeshonewa, maana hapo ndipo huchanika kwanza.

Mawe ya Kisii. Ni laini, ndiyo maana huchongeka vizuri, na ndiyo maana huvunjika. Pitisha kidole ukingoni utafute ufa. Omba yafungwe na magazeti, na kama unasafiri kwa ndege kumbuka uzito.

Shanga. Za kioo huwa baridi mkononi na nzito kidogo kuliko za plastiki. Vuta uzi taratibu uone kama fundo limekaza.

Meno ya ndovu. Usiguse, usinunue, hata ukiambiwa ni ya zamani. Ni kosa kisheria. Kenya iliteketeza tani 105 za pembe za ndovu mwaka wa 2016, na hakuna atakayekuelewa ukinaswa uwanja wa ndege na bangili.

Ukiagiza kazi

Pengine unataka viatu jozi sita za harusi au meza ya kuchongwa. Fundi ataomba malipo ya kwanza, na ni haki yake, kwa sababu ngozi na mbao hazinunuliwi kwa maneno. Toa kiasi cha kununua vifaa, labda nusu, na umalizie ukishaona kazi. Kabla ya kutuma, andikianeni ujumbe wenye saizi, rangi, bei yote, kiasi kilicholipwa na siku ya kuchukua. Ujumbe huo pamoja na ule wa malipo ndio mkataba wenu.

Kama umempata fundi mtandaoni na hamjawahi kuonana, usitume pesa yote kwa sababu ya picha nzuri. Picha huibwa. Mwombe video fupi akiwa kwenye kazi, na uanze na oda ndogo. Jina la nambari lisipofanana na la ukurasa, uliza kabla ya kulipa.

Kabla hujatoka sokoni

Nimelipa kila kibanda peke yake?
Jina lililotokea ndilo nililoambiwa?
Muuzaji amepata ujumbe wake?
Nimehifadhi ujumbe wangu wa malipo?
Nimechukua nambari ya fundi niliyempenda?

Hilo la mwisho watu wengi hulisahau, na ndilo linalomsaidia fundi zaidi. Ukiwa na nambari yake, mara nyingine hutahitaji kupita kwa mtu yeyote. Utampigia, "Mama, nataka viondo vitatu kama kile cha kijani," atakutajia bei, na pesa itaingia moja kwa moja kwenye simu yake.